Mawe ya Bahari Hayafai Bustani ya Tangini

Kaskazi imetuletea joto, na barua nyingi. Zimetoka kwa watu walioona picha za bustani za chini ya maji, wakanunua tangi la kioo, wakatamani nao wawe na yao sebuleni. Nimechagua maswali yanayorudi kila mara.

*Assalaam aleikum, Maalim. Tangi langu lina urefu wa sentimita 60. Nimelipamba kwa mawe ya matumbawe, makombe na mchanga wa ufuoni, kisha nikalijaza maji ya kisima. Limependeza kweli, lakini majani machanga yanageuka manjano. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Langoni, Lamu)*

Waaleikum salaam, dada yangu. Umefanya lile ambalo karibu kila mtu wa pwani hulifanya kwanza, maana bahari iko mlangoni na vitu vyake vinavutia. Lakini bustani yako ni ya maji matamu. Tumbawe na kombe ni chokaa, ileile waliyoichoma wazee wetu wakajengea nyumba za Mkomani. Ikikaa majini huyeyuka kidogo kidogo, maji yakazidi kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Mimea mingi ya dukani asili yake ni mito ya maji laini ya Amerika Kusini na Asia. Katika maji ya chokaa hushindwa kufyonza madini ya chuma hata ukiitia mbolea, na jani changa lenye umanjano ndiyo dalili ya kwanza.

Toa kila kitu, upime jiwe moja moja. Likauke, kisha lidondoshee siki. Likitoa povu, halifai. Usisahau mchanga: chota kijiko kimoja, ukitilie siki hiyohiyo. Mchanga wa ufuoni huwa na chembe za makombe na chumvi. Mchanga wa mto unafaa zaidi, ila uoshe mpaka maji yatoke meupe. Na kama mawe yalitoka Malindi, ujue kwamba ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, haturuhusiwi kuokota tumbawe wala kombe, hata lililokufa.

Kuhusu maji ya kisima, ushauri wangu ni huu: usishindane nayo. Chagua mimea inayoyapenda. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, hustawi katika maji magumu kwa sababu inaweza kujipatia kaboni kutoka kwenye madini yaliyoyeyuka humo. Ceratophyllum nayo haina taabu, na Anubias huvumilia. Ila onja maji kwanza: kisima kikiwa na ladha ya chumvi, kiache. Ukiwa na jabia au pipa la maji ya mvua, changanya nusu kwa nusu.

Kuna kosa jingine ambalo hukulitaja, nami nahisi unalifanya. Maji yakipungua kwa joto, watu huongeza ya kisima juu yake na kuridhika. Kinachopaa ni maji matupu. Chokaa na chumvi hubaki. Ukiongeza ya kisima kila siku mbili, baada ya miezi michache maji hayo ni mazito kuliko kisima chenyewe. Kujazia, tumia maji ya mvua. Na kila wiki toa robo ya maji ya tangi, uweke mapya.

*Maalim, nimeliweka tangi kiwandani, yaani uani mwa nyumba, ili mimea ipate jua, na usiku nawasha taa mpaka saa tano. Sasa maji ni kijani kama mchicha uliosagwa, na kioo kina utelezi. (Msomaji wa Mkomani, Lamu)*

Jua la kiwandani ni zuri kwa mrehani na mwasumini. Kwa tangi ni karamu ya mwani, ule ukijani unaouona. Mimea yako michanga bado haijashika mizizi, haina nguvu ya kuutumia mwanga wote huo. Mwani unao uwezo huo tangu siku ya kwanza. Lihamishe tangi ndani, mbali na dirisha. Taa iwake saa sita kwa siku katika mwezi wa kwanza, kisha uongeze polepole hadi saa saba au nane, usizidishe. Tafuta swichi yenye saa ili taa ijiwashe na kujizima; mkono wa binadamu husahau.

Kosa la pili ni kupanda vijiti vitatu na kungoja vijaze tangi. Fanya kinyume chake: siku ya kwanza jaza mimea inayokua haraka, hata kama si ile ya ndoto yako, iunyang'anye mwani chakula. Baadaye utaipunguza.

Tena kuna joto. Mimea mingi huridhika kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na tangi lililopigwa na jua la Kaskazi hupita 30 bila shida. Maji yakipata joto hushika hewa kidogo, na samaki huanza kuhema juu juu. Feni ndogo inayopuliza usoni mwa maji huyapoza kwa nyuzi kadhaa. Usitie barafu, joto likishuka ghafla huwaumiza samaki kuliko joto lenyewe.

*Nilipanda Jumamosi, Jumapili nikatia samaki kumi, Jumatano wote wamekufa. Maji ni ya mfereji na yalikuwa safi kabisa. (Msomaji wa Maweni, Malindi)*

Pole sana. Barua za namna hii huniumiza, kwa sababu hakuna aliyekwambia dukani. Maji yetu ya Malindi huvutwa Baricho, kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini ili tusiugue. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaache maji ndooni siku nzima bila kifuniko, pampu ya hewa ikiyachemua, ndipo uyatumie.

Hata hivyo, nadhani muuaji ni mwingine. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika tangi kongwe kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Kwa muda huo acha mimea peke yake, huku ukidondosha punje chache za chakula kana kwamba samaki wamo. Pima kwa vikaratasi au dawa ya kupimia: amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, tia samaki wawili au watatu. Ngoja wiki mbili, ndipo uongeze.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake, uiweke kwenye lako ikiwa bado mbichi. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki. Na sponji usiioshe kwa maji ya mfereji, utawaua walewale uliowangoja. Ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini.

*Naweza kutumia mzizi wa mkoko kama gogo la pambo? (Msomaji wa Shela, Lamu)*

Mkoko hai, hapana. Kuukata kunataka kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, na isitoshe mikoko ndiyo kitalu cha samaki wanaotulisha. Kipande kilichosukumwa na maji mpaka ufuoni kimeshiba chumvi, nacho kitataka wiki nyingi za kuloweka na kubadilisha maji. Mimi hutumia tawi la mpera lililokufa na kukauka kabisa mtini. Libambue gamba, ulichemshe, uliloweke chini ya jiwe mpaka lizame lenyewe. Maji yakiwa na rangi ya chai usiogope, hayana madhara.

*Anubias yangu imeoza shina. (Msomaji wa Barani, Malindi)*

Umeifukia. Lile shina nene linalolala kama tangawizi halitaki mchanga. Lifunge juu ya jiwe au gogo kwa uzi wa kushonea, mizizi itajishikia yenyewe.

*Nimefuata kila ushauri, mimea ina afya, lakini tangi halina mvuto. Linafanana na rafu ya duka. (Msomaji wa Muyeye, Malindi)*

Bila shaka umepanga jiwe kubwa katikati na mmea mmoja kila upande. Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeieneza sanaa hii duniani hadi alipofariki mwaka 2015, alijifunza kutoka msituni, na msituni hakuna kilichopangwa kwa rula. Sogeza jiwe kubwa hadi theluthi moja ya urefu wa tangi. Mchanga uwe sentimita tatu mbele na uinuke hadi nane nyuma. Hapo ndipo jicho linaona umbali. Tumia aina moja ya mawe. Panda mmea wa aina moja kwa kundi, wala si shina moja moja, mifupi mbele na mirefu nyuma. Na acha mahali patupu. Hapa wengi hushindwa, kwa kuwa kila wakienda dukani hurudi na mmea mwingine.

*Shikamoo mjomba. Nina perege wawili wadogo wa mtoni. Wataishi na mimea yangu? Na ile niliyopunguza niitupe Sabaki? (Mwanafunzi, Malindi)*

Marahaba, mwanangu. Perege atakula majani na kuchimba mizizi, tena atakua mpaka tangi lisimtoshe. Anza na gapi. Ni wadogo na maji yetu magumu huwafaa. Mimea usiitupe mtoni wala mtaroni. Gugumaji lililovamia Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, nalo lilisambaa duniani kwa sababu watu walipenda maua yake. Ianike juani mpaka iwe kavu kabisa, kisha uifukie chini ya mnazi.