Usimtoe mtu kwenye dozi ili umwombee: niliwahi kufanya hivyo, nikaishia kumzika

Ndugu mleta mada, usiwapeleke vijana hao kambini. Umeeleza kwamba kikundi chenu cha maombi hapa Dar es Salaam kimewapata vijana watatu waliokuwa wakitumia heroini, kwamba wote sasa wako kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayomtuliza mtu asiumwe kwa kukosa heroini, na kwamba mnataka kuwaingiza katika kambi ya mfungo wa siku 21 ili watoke humo wakiwa hawatumii dawa yoyote, si unga wala methadoni. Umeuliza fedha za chakula mzipate wapi, barua ya serikali ya mtaa iandikwe namna gani, na kama inafaa kuwashonea fulana. Nimeyasoma yote, lakini macho yangu yaligandia kwenye sentensi moja uliyoipitisha katikati kama jambo dogo: kwamba mmoja wao ameshaanza kwa imani, na tangu Jumapili hajafika kliniki. Leo ni Alhamisi.

Mimi ni mama lishe. Mwaka 2016 kikundi chetu kilikuwa kikipeleka uji kila Jumamosi kwenye kijiwe cha vijana wanaotumia unga, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepika, waliniita Mama Uji. Tuliwaosha vidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukawakata kucha, tukawanyoa, kisha tukaomba pamoja nao kabla ya kuondoka. Majuma ya mwanzo walipokea uji na kutugeuzia mgongo. Siku moja nilimshika kijana mguu uliokuwa umeoza kwa kujidunga, nikaanza kuusafisha, naye akalia mpaka vikombe vikaacha kugongana pale. Alisema kwamba tangu afukuzwe nyumbani hakuna mtu aliyewahi kumgusa isipokuwa kwa kumpiga. Kuanzia siku ile nilimwita mwanangu. Sitamtaja jina, kwa sababu mama yake yuko hai na tunaonana.

Ni mimi niliyemsindikiza kliniki mara ya kwanza. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye ikafika Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Ni ya bure, na kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kwa miezi saba hakukosa hata siku moja. Alinenepa, akapata kibarua cha kupakua samaki, na mama yake akamruhusu kuingia tena ndani na kula sahani moja na wadogo zake. Naomba ukae na picha hiyo ya kijana anayekula na wadogo zake, kwa sababu mimi nilikuwa nayo mbele ya macho yangu na sikutambua kwamba hayo ndiyo majibu ya maombi niliyokuwa nikiyaomba.

Kisha akaja mwalimu wetu wa maombi. Huyu bwana alikuwa na sauti, alikuwa na suti, na alikuwa na jibu la kila kitu. Alituambia kwamba methadoni ni unga wa serikali, kwamba mtu anayelazimika kunywa dawa kila asubuhi hajafunguliwa bali amebadilishiwa mnyororo, na kwamba sisi tunaowasindikiza kliniki tunamtangazia shetani kuwa Mungu wetu ameshindwa. Hakuwahi kufika kijiweni hata Jumamosi moja. Hakuwahi kushika kidonda. Hakuwahi kumuuliza muuguzi yeyote dawa hiyo inafanya nini mwilini. Hata hivyo alisema kwa uhakika ambao sijausikia kwa daktari yeyote, nami nikamwamini, nikaenda kwa mwanangu na kumwambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba aache. Alisita. Aliniambia, «Mama, mimi nikiikosa hiyo naumwa sana.» Nikamjibu kwamba tutakuwa pamoja naye. Aliniamini kwa sababu nilimwosha mguu, na imani hiyo ndiyo niliyoitumia vibaya.

Tulikwenda kambini mkoani Pwani. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko heroini, hivyo siku ya kwanza alikuwa mzima na watu wakashangilia. Siku ya pili usiku arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, ilianza: miayo isiyokwisha, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, kisha kutapika, kuharisha, miguu kurusharusha kama mtu anayefukuzwa ndotoni, na kukosa usingizi kabisa. Aliyekuwa kwenye mfungo bila chakula sasa alikuwa akipoteza hata maji kidogo aliyokunywa. Mwalimu alisema mapepo yanatoka. Tulimshika mikono na miguu, tukaomba kwa sauti kubwa mpaka alfajiri, na kila alipoomba apelekwe kliniki tuliambiwa kwamba si yeye anayesema. Arosto ya methadoni huchukua wiki mbili na zaidi. Tulikaa naye humo kwa siku zote, mlango ukiwa umefungwa kwa nje.

Karibu na mwisho wa wiki ya tatu alitulia. Alikuwa amekonda, lakini alilala usingizi, na akaomba uji. Siku ya 21 alisimamishwa mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda kwamba yuko huru, watu wakatupa kanga chini apite, na mwalimu akakusanya sadaka ya shukrani. Mimi nililia kwa furaha. Siku tisa baadaye mwanangu alikutwa kwenye pagale karibu na kijiwe chetu, bomba la sindano likiwa pembeni yake na midomo ikiwa imegeuka rangi. Wenzake walisema alinunua kete ileile, kile kipimo cha unga alichokuwa amekizoea zamani, wala hakuongeza. Walimmwagia maji ya baridi, wakampiga makofi, na kwa kuogopa polisi wakachelewa kumtoa barabarani.

Muuguzi wa kliniki alinieleza baadaye, tukiwa tumekaa kwenye benchi, jambo ambalo lingeokoa maisha kama ningeliuliza mwezi mmoja kabla. Heroini na methadoni zote hupunguza kasi ya kupumua. Mtu anayetumia kila siku, mwili wake huzoea, ndiyo maana anaweza kubeba kiasi ambacho wewe na mimi kingetuua. Akikaa wiki chache bila kitu, mazoea hayo hufutika, lakini kumbukumbu ya kiasi alichokuwa akitumia haifutiki, na hamu haifutiki. Siku atakapoanguka, na wengi huanguka, atatumia kiasi cha zamani kwenye mwili mpya, atasinzia, na pumzi itakoma. Ndiyo maana watu wanaotoka gerezani, na wanaoacha methadoni ghafla, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa katika wiki za mwanzo kuliko walipokuwa wakitumia kila siku. Kambi yetu haikumwacha mwanangu jinsi ilivyomkuta. Ilimvua kinga aliyokuwa nayo, ikamrudisha mtaa uleule.

Hasira yangu kwa mwalimu yule haijaisha, na sioni sababu ya kuificha. Kwenye mazishi alisimama akasema kwamba kijana alikosa imani. Alisema hivyo mama wa marehemu akiwa ameketi kwenye mkeka hatua chache kutoka hapo. Mtu aliyevumilia majuma matatu ya mateso yale kwa sababu sisi tulimwambia Mungu anataka hivyo, huyo ndiye aliyekosa imani? Na sadaka ya ushuhuda wake haikurudi hata kwa ajili ya sanda. Hata hivyo, mwalimu hakumtoa kliniki yeye peke yake. Alihitaji mtu ambaye kijana anampenda, na mtu huyo nilikuwa mimi, kama ambavyo kwenye kikundi chenu mtu huyo yaelekea ni wewe.

Wapo watakaosema nimepoteza imani. Naomba kila siku, na kikundi ninachotumikia sasa kinaomba. Nimerudi mara nyingi kwenye mfano wa Msamaria Mwema, ambao tangu utoto nilifundishwa kama hadithi ya huruma, na sasa nausoma kama maelezo ya kazi. Alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, na hizo zilikuwa dawa za wakati ule. Alimpandisha kwenye mnyama wake. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza, akalipa gharama, na akamwachia mwenye nyumba kazi ambayo mwenye nyumba aliiweza kuliko yeye. Hakuna mahali alipomwambia majeruhi avue kitambaa ili kuthibitisha kwamba amepona.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na kila anayejiunga nasi anaisikia kabla hajapewa hata kijiko: dozi kwanza, kisha maombi. Kuanzia saa 12 asubuhi mmoja wetu husimama karibu na kliniki akiwa na chupa ya uji na nauli ya kurudi. Hatumuulizi kijana kama ameomba, tunamuuliza, «Leo umekunywa?» Akishakunywa, kama anataka tuombe, tunaomba naye pale pale chini ya mti, na hakuna anayekemewa akikataa. Huduma hii haina ushuhuda wa kushangiliwa wala haina siku ya 21, na waliochoka nayo haraka ni wale waliokuja kutafuta muujiza wa kuhadithia. Ila tuna baba mmoja ambaye tumemsindikiza kwa miaka minne, na sasa yeye ndiye anayeamka mapema kuwasindikiza wengine.

Kama vijana wako wanatamani siku moja waiache methadoni, tamaa hiyo ni halali na waizungumze na daktari wao, kwa kuwa dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, mgonjwa akiwa tayari. Halikadhalika, usikimbilie kudhani kwamba kijana anayelalamika kuwa dozi haimtoshi amerudia unga. Tuliwahi kumshuku mmoja hivyo, kumbe alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, na rifampisini iliyomo humo huifanya methadoni iondoke mwilini haraka. Daktari alimwongezea dozi, arosto ikaisha. Sisi tulikuwa tumeshamtenga kwa wiki nzima.

Sasa huyo wa Jumapili. Kesho asubuhi nenda kwake kabla hajatoka, na uende naye kliniki mwenyewe. Mseme ukweli kuhusu idadi ya siku alizokosa, hata kama mnaona aibu, kwa sababu baada ya siku kadhaa hawawezi kumpa dozi yake ya zamani; watamchunguza na kumwanzishia ya chini, kisha wampandishe taratibu. Akificha siku alizokosa na kupewa dozi ya zamani, dozi yenyewe inaweza kumuua. Mtafuteni mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hapo kliniki, mwelezeni kwamba kikundi chenu kipo na kinataka kusindikiza watu, nanyi mtaona jinsi mlivyokuwa mkisubiriwa. Usiku wa leo asilale peke yake. Ukimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, hashtuki ukimwita, pumzi inakuja kwa mbali na midomo inabadilika rangi, mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali bila kungoja mtu yeyote amalize kuomba, na ukifika sema wazi kwamba ni heroini, kwa kuwa ipo dawa ya kuirudisha pumzi, naloksoni, na wanapaswa kujua mapema.

Yaelekea atakataa kurudi kwa sababu amekwisha kuwaambia wenzake kwamba ameacha, na kurudi kutaonekana kama kushindwa mbele yenu. Ni ninyi mliomtwika mzigo huo, kwa hiyo mwambie wewe, kwa maneno yako, kwamba mlikosea. Mimi sikupata nafasi ya kuyasema kwa mwanangu.

Nikishajua amekunywa, tutaongea kuhusu barua na fulana. Niandikie kesho baada ya kliniki.