Tutajuaje Kama Shirika la Haki Linatunza Fedha Zake?

Swali: Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Chama chetu cha akina mama hapa Kisauni kimeweka kando shilingi 60,000 ili tulichangie shirika moja la kutetea haki za binadamu, ambalo mawakili wake walimsaidia kijana wa jirani yetu alipozuiliwa bila ya kufikishwa mahakamani. Baadhi ya wenzangu wamesita, kwa kuwa wameambiwa kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya shirika hilo ni mishahara. Je, tulipime vipi?
*Mweka hazina, Kisauni*

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hiyo mishahara, kwa sababu ndiyo inayowasitisha, na kwa maoni yangu ndiyo shaka iliyo dhaifu kuliko zote. Shirika linalochimba visima hununua mabomba na saruji; shirika la haki hulipia muda wa watu, yaani wakili anayesimama kortini Shanzu, msaidizi wa kisheria anayezunguka vituo vya polisi, na mtafiti anayeandika ushahidi wa jamaa za waliotoweka. Linalofaa kuulizwa ni kama mishahara ya hao imetenganishwa na ile ya wasimamizi wa ofisi, na kama malipo ya mkurugenzi hupitishwa na bodi au hujipangia mwenyewe.

Ombeni hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, wala msiridhike na kijitabu chenye picha nzuri. Tazameni kwanza maoni ya mkaguzi, ambaye hapa Kenya hana budi kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu, mwenye leseni ya ukaguzi. Akiweka neno "isipokuwa", yaani kuna sehemu ya hesabu asiyoikubali, someni aya hiyo mara mbili. Kisha nendeni kwenye maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, ambako wasomaji wengi hawafiki, kwani humo ndimo mtakamoona kama shirika limepanga ofisi katika nyumba ya mmoja wa wanabodi, au kama fedha ambazo mfadhili alizitoa kwa mradi maalumu zimetumiwa kuziba pengo kwingine.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake yaweke vitabu vya hesabu na kuwasilisha taarifa kwa Mamlaka inayoyasimamia. Ofisi ya shirika ikiwazungusha, mwandikieni Mamlaka hiyo mkitegemea Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu.

Hata hivyo, uko usiri ulio halali, na ningependa muutambue. Shirika likikataa kuwatajia majina ya waathiriwa au mashahidi, halikuficha fedha. Limelinda roho za watu, na mkaguzi anaweza kuthibitisha malipo yao bila ya majina hayo kuchapishwa. Wala tuhuma si ukaguzi. Sisi wa Mombasa tunakumbuka mwaka 2015, akaunti za MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya haki za binadamu, zilipofungwa kwa madai ya kuhusishwa na ugaidi, hadi Mahakama Kuu ya papa hapa ilipoamuru mwezi wa Novemba zifunguliwe. Kwa hiyo, mtu akiwaambia kwamba shirika fulani "lina mambo", mwulizeni ameliona katika ukurasa gani wa hesabu.

Mkishatosheka, pelekeni mchango kwenye akaunti iliyo kwa jina la shirika, si kwenye simu ya ofisa yeyote hata kama mnamfahamu, na mdai risiti inayoeleza kama fedha zenu ni za shughuli zote au ni za kesi za vijana waliozuiliwa peke yake.