Chumba Mji Mkongwe wa Zanzibar, bumu, na mengine mnayoniuliza kila muhula

Muhula umeanza na simu yangu haipumui. Nusu ya meseji zenu ni swali moja limebadilishwa jina la mtaa tu, kwahiyo nimechukua machache, wengine mtajiona humohumo.

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Natokea Wete, nimepata chumba Kajificheni, kwenye picha kizuri na bei nafuu. Dalali anataka nitume kodi ya miezi sita pamoja na yake ya mwezi mmoja kabla sijavuka. Nitume?

Waalaykum salaam. Usitume. Kila muhula nasema na kila muhula kuna mtoto wa watu anashuka bandarini Malindi na begi lake na ndoo ya sambusa alopewa na mama yake, anapiga simu ya dalali haipatikani. Wapemba mjini mmejaa, huwezi kukosa mtoto wa ami yako au mtu wa mtaani kwenu, mtume akaangalie, na kama hana nafasi basi we lala kwake siku tatu ukaangalie kwa macho yako.

Na ukifika usitazame rangi. Rangi mpya kwenye nyumba kongwe mie hunitia wasiwasi kuliko ukuta mchafu. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ndo mana vyumba vyembamba vile, upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Adui yake maji. Paa likivuja boriti inaoza kule ncha ilikoingia ukutani, pasipoonekana, halafu anakuja fundi wa haraka anapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, na chokaa inapumua saruji haipumui, unyevu unakwama ndani unaula ukuta kimyakimya huku nje panang'ara. Kwahiyo we ingia, tazama juu, hesabu boriti, angalia pale zinapoingia ukutani kama pana alama ya maji, halafu tazama sakafuni chini yake kama pana unga unga. Ukipafikia dunga na ufunguo. Boriti nzima inakataa, iliooza ufunguo unazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Panda mpaka juu pia uone tangi la maji limekaa wapi, maana watu wanapandisha tangi la lita elfu juu ya dari la boriti za zamani hizo, lita elfu ni tani nzima, na we uko chini yake umelala unaota GPA.

Mie nilikaa Kiponda enzi zangu nasomea ualimu, ghorofa ya juu, masika. Wiki nzima nilikuwa nafagia vumbi jeupe juu ya daftari, nafagia, nalaani paka wa jirani. Usiku wa Ijumaa boriti ikaja chini, ikaangukia kabati badala ya kitanda. Mwenye nyumba nilipomwambia akaniuliza kabati la nani.

Mkiona natia chumvi tazameni Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani. Jumba la 1883, Waingereza walipiga mizinga pale mbele mwaka 1896 likabaki limesimama, likaja kuporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Hilo ndo jumba kila mtu analijua na kila mtu analitazama. Sasa chumba cha Kajificheni ambacho mwenyewe yuko Dubai nani anapanda kuangalia paa?

Na niseme hili mana nikinyamaza litanikaa kooni: mji umetiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na sote tulifurahi, lakini tangu hapo kila nyumba yenye paa zima inageuka hoteli au vyumba vya wageni wa siku mbili, na zilobaki kupangishwa ni zile hakuna mwekezaji alozitaka. Mwanafunzi ndo wa mwisho kwenye foleni, na anaharakia kulipa miezi sita. Msiharakie. Ukishapata chumba nenda kwa sheha, yule kiongozi wa mtaa, ujitambulishe, siku ikitokea lolote ndo mtu wa kwanza kuulizwa.

SWALI: Nimechaguliwa chuo kikuu cha SUZA, ni kweli madarasa yako karibu na bahari na Forodhani?

Soma barua yako. Kuna Tunguu, kuna Vuga, kuna Beit el Ras, kuna Maruhubi, na kama ni Tunguu basi hapo na Forodhani ni daladala asubuhi na daladala jioni. Watu wanapanga Shangani kisha wanakuja kulia nauli kwangu. We wa Wete nawe angalia barua yako kabla ya hiyo Kajificheni.

SWALI: Bumu la mkopo halijaingia, wiki ya tatu sasa, tunaishije?

Bodi ya mikopo si mie. Tafuteni watu watatu mchange, mmoja aende diko la samaki Malindi asubuhi achukue fungu la vibua, wali na mchuzi mnakula hadi usiku. Na muache chakula cha Forodhani, pale bei inapangwa kwa kumtazama mtu viatu. Urojo wa mtaani Ng'ambo una bajia nyingi na hukai kwenye moshi wa mishikaki.

SWALI: Mimi natoka Mwanza, si Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani nitakula wapi mchana?

Chumbani kwako. Pika usiku, weka, mlango funga. Njiani usile, usinywe hata maji, usivute sigara, watu wamekamatwa kwa hilo na mie sitakuja kukutoa. Lakini kaa vizuri na majirani uone magharibi, utaletewa muhogo wa nazi, tambi, uji, mpaka utaanza kuomba mwezi usiandame. Wageni wengi wanauogopa mwezi ule, wakishaupitisha mtaani ndo wanaukumbuka kuliko yote.

SWALI: Kaka, Kiingereza nakijua vizuri, nataka kutembeza watalii wikiendi nipate hela ya matumizi. Nianzeje?

Anza kwa leseni, Kamisheni ya Utalii. Bila leseni wewe ni papasi, na jina hilo tumelitoa kwa kupe, hatukulitoa kwa bahati mbaya.

Halafu jifunze. Nimekaa barazani Jaws Corner na kahawa yangu nasikia vijana wanasimulia mpaka kahawa inanipalia. Kila nyumba ya pili Shangani eti ndo alimozaliwa Freddie Mercury, mtu kazaliwa mara moja tu, 1946. Mwengine anawambia wageni soko la watumwa lilifungwa watumwa wakawa huru siku hiyohiyo. Soko alilifunga Sayyid Barghash mwaka 1873 kwa kubanwa na Waingereza, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa hadi 1897. Miaka 24 baina yake, na humo mna watu waliozaliwa wakalelewa katika hali hiyo, huwezi kuiruka kwa sababu mgeni anataka kwenda ufukweni. Nyaraka za enzi hizo zimehifadhiwa Kilimani, chukua barua ya chuo nenda kasome, hata Jumatatu moja tu utawazidi wote pale kona.

SWALI: Bibi mwenye nyumba anafunga mlango mkubwa saa nne usiku na sisi tuna makundi ya kujisomea. Ni haki yake?

Nyumba yake, mlango wake, na makundi ya kujisomea ya saa tano usiku sote tulikuwa nayo. Mwambie mapema siku ya mtihani, mpelekee mkate wa boflo ukirudi asubuhi. Na ukichelewa usigonge kwa ngumi, mlango ule una misumari ya shaba utaumia bure na yeye hasikii, mpigie mjukuu wake.