Maswali na majibu: amri zinazopotea umeme ukikatika

Maswali matatu kati ya manne ya wiki hii ni ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na mawili yanarudi kwenye faili moja lililofichwa kwenye folda yako ya nyumbani: .bashrc, la mipangilio ya Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali. Mwenye Mac atafute .zshrc, maana tangu 2019 Apple imeifanya zsh kuwa chaguo la kawaida badala ya Bash.

Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu Majengo, Moshi, natumia Ubuntu kwenye kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika, amri zote za tangu asubuhi zinapotea. Nikibonyeza mshale wa juu nakuta za jana.

Marahaba. Shida hii naijua. Niliwahi kupoteza hivyo hivyo amri ndefu ya kuhamisha hifadhidata ya mteja, nikashinda mchana mzima naiunga upya kwa kukisia.

Bash hushikilia amri zako kwenye kumbukumbu ya muda, na huziandika kwenye faili la .bash_history pale tu unapofunga terminali vizuri. Umeme haukupi nafasi hiyo. Andika `nano ~/.bashrc` (nano ni kihariri cha maandishi cha kwenye terminali), shuka hadi mwisho kabisa, ongeza:

```
shopt -s histappend
PROMPT_COMMAND="history -a"
HISTSIZE=10000
HISTFILESIZE=20000
```

Dawa yenyewe ni mstari wa pili: kila amri ikimalizika, Bash inaiandika kwenye diski hapo hapo. Miwili ya mwisho inaongeza idadi ya amri zinazotunzwa: Ubuntu inakuja na 1000 na 2000 sehemu ya juu ya faili hilo hilo, na mstari unaosomwa mwisho ndio unaoshinda. Ndiyo maana nimekutuma chini. Hifadhi, toka kwenye nano, kisha andika `source ~/.bashrc` ili Bash ilisome faili upya. Kutafuta amri ya zamani, bonyeza Ctrl+R na uchape neno unalolikumbuka.

Jihadhari na jambo moja. Kwa kuwa sasa kila kitu kinahifadhiwa papo hapo, amri yenye nywila ianze na nafasi tupu. Mpangilio wa Ubuntu hauhifadhi amri inayoanza hivyo.

Nipo Njiro, Arusha. Nilinakili mahali mstari `export PATH=/home/mimi/zana` nikaubandika kwenye .bashrc. Sasa hata `ls` haipatikani. Kijana wa dukani anasema tuiweke Ubuntu upya.

Pole sana dada, na usimlipe mtu kwa hilo. PATH ni orodha ya folda ambamo Bash hutafuta programu. Mstari wako umeifuta orodha yote ukabakiza folda moja. `ls` yenyewe ipo salama pale ilipokuwa, Bash tu haijui pa kuitafuta. Basi itaje programu kwa njia yake kamili:

```
/usr/bin/nano ~/.bashrc
```

Badilisha mstari ule uwe hivi:

```
export PATH="$PATH:$HOME/zana"
```

Hiyo `$PATH` ya ndani ndiyo inayobeba orodha ya zamani. Hifadhi, funga dirisha, fungua jipya. Na nakuomba, mstari usioweza kumweleza mwenzako unafanya nini usiuingize kwenye .bashrc, hata kama umetoka kwa mtu unayemheshimu. Faili hilo linasomwa kila unapofungua terminali. Kosa lake utaishi nalo siku nzima.

Nikitumia Git (ya kutunza matoleo ya msimbo), git commit inanifungulia kihariri cha Vim, nashindwa kutoka. (Sakina, Arusha)

Bonyeza Esc, andika `:q!`, kisha Enter. Halafu, mara moja tu, iambie Git itumie nano:

```
git config --global core.editor nano
```

Mwalimu, natumia VS Code kuandikia msimbo. Naandika try na catch (ya kunasa makosa) ile ile ya JavaScript mara ishirini kwa siku. Hakuna njia ya mkato?

Ipo, na ni ya kujitengenezea mwenyewe: snippet, yaani kipande cha msimbo kinachojiandika ukichapa neno fupi. Ctrl+Shift+P, chapa Configure Snippets, chagua javascript. Ndani ya mabano makubwa ya faili litakalofunguka weka:

```
"Jaribu": {
  "prefix": "jar",
  "body": [
    "try {",
    "\t$1",
    "} catch (kosa) {",
    "\tconsole.error(kosa);",
    "}$0"
  ]
}
```

Chapa `jar`, bonyeza Tab. Kishale kitatua penye `$1`, ndani ya try, tayari kwa kazi. Tab ya pili inakupeleka penye `$0`, nje ya bano la mwisho. Ikikugomea, angalia kwanza koma kati ya kipande hiki na kingine kilichokuwepo.