Uliza Tukujibu: Yule mzee wa mashavu ya mifupa

SWALI: Shikamoo mhariri, naomba unisaidie kumaliza ubishi hapa nyumbani. Kuna mzee mmoja wa Kiingereza namuona sana kwenye muvi za zamani, uso umekauka, mashavu yametokeza utadhani kachongwa na shoka, juzi nkamkuta tena kwenye The Constant Gardener ile waliyopigia Kenya. Kaka angu anasema eti alitaka kuwa padri, mi nakataa. Na mbona hapewi ustelingi hata siku moja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Huyo ni Pete Postlethwaite, na pole sana, kaka ako kashinda. Kazaliwa 1946 Warrington, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, familia ya Kikatoliki ya watu wa kazi za mikono, baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Seminari aliingia kweli akiwa kijana mdogo, akatoka, akasomea ualimu, akafundisha maigizo Manchester, na alipofika miaka 24 ndo akaacha chaki akaenda chuo cha maigizo Bristol. Jina nalo likawa kesi. Wakala wake wa mwanzo akamwambia alibadilishe, maana wenye kumbi hawataweza gharama ya umeme wa kuliwasha kwenye bango (herufi 13 hizo, hesabu mwenyewe, na hapo Pete hujaiweka). Akagoma.

Kuhusu ustelingi, huyu alipikwa jukwaani. Miaka ya 70 alikuwa Everyman, ukumbi wa maigizo pale Liverpool, pamoja na Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, wote enzi hizo vijana tu hawajulikani, na mtu wa jukwaani hahangaiki nani kapewa dakika nyingi, anaangalia dakika zake kazifanyia nini. Hata hiyo ya Kenya katokea kwa muda mfupi tu mwishoni, yule daktari aliyejificha Sudan na siri za kampuni ya dawa, lakini si umemkumbuka yeye ukaniandikia? Watu wanasema sura ndo ilimponza, mi naona sura ndo ilimlisha. Kabla hajafungua mdomo ushajua huyu mtu kafanya kazi ngumu maisha yake yote.

Tafuta In the Name of the Father ya 1993. Anacheza Giuseppe Conlon, na huyo ni mtu wa kweli, mzee wa Belfast, Ireland Kaskazini, aliyekwenda London kumtafutia wakili mwanae aliyeshikwa kwa kesi ya mabomu ya IRA (kundi la wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza), na yeye akakamatwa hukohuko, wakafungwa wote na hatia hawana, mzee akafia kifungoni 1980. Kwenye muvi akishakufa, usiku ule wafungwa wanawasha karatasi wanaziachia madirishani, yani gereza zima linanyesha moto, na hakuna anaeongea. Pete aliteuliwa Oscar kwa kazi ile, ikaenda kwa Tommy Lee Jones. Baadae Steven Spielberg, yule mwongozaji mkubwa wa Hollywood, akamchukua kwenye muvi mbili za 1997 akamsifia kuwa ndo muigizaji bora duniani, na mzee alivyoulizwa akajibu kwamba nadhani alichosema Spielberg ni kuwa Pete ANAJIONA ndo muigizaji bora duniani 😂

SWALI: Huyo mzee mlomtaja yuko hai bado? Na mimi nianze na muvi gani, sitaki ya bunduki. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hayupo, alifariki Januari 2, 2011, saratani ya kongosho, ana miaka 64. Ila kabla ya hapo, 2008, alirudi palepale Everyman alikoanzia akacheza King Lear, tamthilia ya Shakespeare, na kwa mwenye jina kubwa vile angeweza kabisa kubaki London akaringa.

Anza na Brassed Off ya 1996, na humo ndo utamkuta yuko mbele kabisa, ule ubishi wa Tanga wa ustelingi nao uishe. Yeye ni Danny, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe kwenye mji ambao mgodi unafungwa, na mapafu yake yamejaa vumbi la makaa. Anaanguka, anapelekwa hospitali, na usiku mmoja yuko kitandani anasikia tarumbeta nje. Kumbe bendi yake yote imekuja kusimama gizani chini ya dirisha, wamevaa helmeti zao za mgodini, taa zimewaka vichwani, wanampigia wimbo wa Danny Boy. Wanavyomaliza wanazizima zile taa. Mzee hapo hasemi kitu, kamera inamwangalia usoni tu na inatosha.