Land Cruiser kulalia nyuma: usianze na shokapu
Kaka, kama Land Cruiser yako ya zamani inalalia nyuma ukipakia machungwa toka Muheza kuja Tanga mjini, kubadili shokapu hakutasaidia, shokapu inatuliza mdundo tu, uzito unabebwa na springi, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangana. Paki tambarare gari ikiwa tupu, pima toka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi pande zote, mmoja ukiwa chini angalia kama kuna bamba limekatika, langu lilikatikia kwenye senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshika mabamba pamoja, na kutu ikaficha ufa mpaka nikasugua kwa brashi ya waya. Kuongeza bamba sawa kama mengine bado yana upinde, yakishanyooka weka springi mpya pande zote mbili, kulia na kushoto. Ila ukinyanyua nyuma, kama ina ile valvu ya breki yenye kifimbo kinachoshika ekseli irekebishwe, la sivyo breki za nyuma zinapungua nguvu na mzigo uko juu, hatari hiyo kaka