Nilimwambia mama wa watu aache Kihispania nyumbani

Mwaka wangu wa kwanza kama mwalimu msaidizi wa chekechea hapa Houston, Texas, Marekani, nilitoa ushauri ambao hadi leo nikiukumbuka naona haya. Darasa letu ni la watoto wa miaka 4, wengi wao wa familia zilizotoka Meksiko, El Salvador na Honduras. Mmoja alimaliza wiki tano bila kufungua mdomo. Nikamvuta mama yake pembeni, pale getini: "Dada, jitahidi kuongea naye Kiingereza nyumbani, atazoea."

Mama akanitii, na balaa likaanzia hapo. Yeye hufanya usafi maofisini usiku. Kiingereza chake ni cha kazini: kaa, kula, njoo, acha. Kumbe kila jioni kabla hajatoka alikuwa akimsimulia mwanawe habari za bibi yake kule Honduras, kuku wake, na jogoo mkorofi apandaye mezani. Kwa sababu yangu hadithi zikakatika, zikabaki amri. Mtoto aliyekuwa bubu shuleni akawa bubu na nyumbani.

Mwalimu ninayemsaidia, mwenyewe mtoto wa wahamiaji wa Meksiko, aliniuliza swali moja tu: "Wewe na wanao mnaongea nini?" Kiswahili, nikajibu. Akaendelea kupanga vikombe.

Siku chache baadaye tukawapima watoto kuhesabu. Nikamwagia yule mtoto vifuniko vya chupa mezani. Kwa Kiingereza alifika tatu, akainamisha kichwa. Nikamwambia kwa Kihispania changu cha kubabaisha aanze upya. Akagusa kifuniko kimoja kimoja, bila kuruka wala kurudia, hadi catorce, yaani 14, vikaisha. Hesabu alikuwa nayo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nabisha mlango usio wake.

Kosa langu lina historia Texas. Mwaka 1957 Félix Tijerina, mwenye migahawa hapa Houston na rais wa LULAC, jumuiya ya kutetea haki za Walatino, alianzisha shule ndogo za kuwafundisha watoto wa Kilatino maneno 400 ya Kiingereza kabla ya darasa la kwanza. Head Start, mpango wa serikali wa chekechea ya bure kwa familia zenye kipato kidogo, ulikuja miaka minane baadaye, 1965. Simlaumu Tijerina hata kidogo. Enzi zile mtoto aliweza kuadhibiwa kwa kuongea Kihispania shuleni, na wengi walikuwa wakirudia darasa la kwanza kwa sababu ya lugha tu. Maneno 400 ni mtaji mzuri. Ubaya ni kuyaleta hayo huku yale ya nyumbani yakifukuzwa.

Sasa nije kwenye fomu ya lugha ya nyumbani. Ukiandikisha mtoto shule ya umma utaulizwa nyumbani mnaongea lugha gani. Wazazi wengi, kwa woga, huandika Kiingereza. Yule mama naye aliandika hivyo, akidhani Kihispania kingemharibia mwanawe. Andika ukweli! Hapa Texas mtoto aliyetimiza miaka 4 ifikapo Septemba 1, asiyejua Kiingereza, anastahili chekechea ya bure kwa sababu hiyo peke yake. Na wilaya ya shule yenye, katika shule zake zote kwa jumla, wanafunzi 20 au zaidi wa ngazi moja ya darasa wanaohitaji msaada wa Kiingereza na wenye lugha moja ya nyumbani inawajibika kuwafundisha kwa lugha mbili. Ukidanganya, mwanao hahesabiki kati ya hao 20. Ndugu zangu Wakongomani wa huku, nanyi mnaijaza fomu hiyo hiyo. Kiswahili hakitafika 20 wilaya nyingi, lakini msaada wa Kiingereza mtoto atapewa.

Mama nilimwomba radhi. Nikamwambia arudishe hadithi, kwa lugha yake, na akiweza amuulize mtoto maswali: jogoo alipanda wapi? Kwa nini bibi alikasirika? Watoto waliozoea kuulizwa hivi nyumbani, hata darasani huchangamka upesi.

Mwezi wa pili yule mtoto alichora ndege mwenye miguu mirefu. Nikajitia ujuzi: "Pollo!" Akanitazama kwa huruma. "No, maestra. Gallina." Kisha, kwa Kiingereza, akanifafanulia kwamba pollo ni ya kwenye sahani, gallina inatembea. Nami nimetoka kwetu ambako akiwa bandani ni kuku, akiwa kwenye pilau ni kuku.